Tailosini ya unga kwa kuku wanaokoroma: uzoefu wangu

Nimeitumia tailosini, antibayotiki ya unga ya kutia kwenye maji, kwa kuku wangu wa nyumbani waliopata mafua sugu, na naisifu bila kusita kwa kazi moja: inautuliza ugonjwa. Haiung'oi. Anayeinunua akitarajia kundi lirudi kama halijawahi kuugua atavunjika moyo, na kosa halitakuwa la dawa.

Kuku wangu walianza na chafya za hapa na pale. Baadaye, banda lilipotulia usiku, nikawa nasikia mkoromo wenye majimaji. Povu dogo lilitokea kwenye kona za macho, na manyoya ya mabegani yakachafuka kwa sababu kuku mwenye kamasi hujifutia pua hapo. Walikuwa bado wanakula, ila mayai yalipungua. Hakuna aliyekufa ghafla, hakuna aliyepinda shingo, wala sikuona kinyesi cha kijani. Hilo lilinipa nafuu ya moyo, maana dalili hizo zingenifanya niwaze kideri, ambacho wengine tunakiita mdondo. Kideri ni ugonjwa wa virusi na hakuna antibayotiki inayokiweza. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kuku wakiwa wazima. Nyuso zao pia hazikuvimba wala kutoa ile harufu mbaya ya mafua makali, ambayo ni ugonjwa mwingine.

Hata hivyo sikutaka kuamua kwa macho tu. Daktari wa mifugo alipitisha pamba kooni mwa kuku kadhaa, na kipimo kikaonyesha bakteria aitwaye Mycoplasma gallisepticum. Natamani kila mfugaji akipate kipimo hiki kabla ya kufungua pakiti yoyote, kwa sababu dalili za kukoroma zinafanana mno. Kuku anayenyoosha shingo na kufungua mdomo akitafuta hewa anaweza kuwa na minyoo ya koo, ambayo dawa yake ni ya minyoo. Anaweza pia kuwa amevuta kuvu, yaani ukungu unaoota kwenye maranda mabichi. Na huyu bakteria wa mafua sugu ana jambo lake la pekee: hana ukuta wa seli. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo hapa haina pa kushika. Tailosini hupita njia nyingine, inamzuia bakteria kutengeneza protini, ndiyo maana inamfikia.

Unga wenyewe huyeyuka vizuri kwenye maji. Kipimo nilichoandikiwa ni nusu gramu kwa lita moja ya maji, maji mapya kila siku, na kundi zima lisipate maji mengine hadi siku za dozi ziishe. Kwa kawaida dozi ni siku 3 hadi 5. Lakini pakiti hazina nguvu sawa, kwa hiyo fuata lebo ya ile uliyoishika na neno la daktari wako. Hapa nina lalamiko: pakiti yangu haikuwa na kijiko chake cha kupimia, na maelezo yalichapwa kwa herufi ndogo mno. Kijiko cha chai hakifai kwa kazi hii. Nilipima kwa mizani midogo, na naamini hilo lilichangia sana matokeo niliyoyapata.

Lalamiko la pili ni uchungu. Dawa hii ni chungu kweli, na kuku aliye hoi, ambaye ndiye anayeihitaji zaidi, ndiye anayekunywa maji kidogo kuliko wote. Waliozubaa niliwatenga, nikamweleza daktari, akanipa kipimo cha kuwanywesha mmoja mmoja kwa bomba lisilo na sindano. Tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo, nikimsubiri kuku ameze mwenyewe. Ukimsukumia maji kwa haraka yanaingia kwenye njia ya hewa, na hewa ndiyo inayomtesa tayari. Kazi hii inataka subira, na kwangu ndiyo iliyowaokoa wale dhaifu.

Chafya zilipungua kwanza, povu la macho likafuata. Mkoromo ulichelewa. Sikushangaa: kuku hana kiwambo kama chetu, na mapafu yake yameunganishwa na vifuko vya hewa, kwa kawaida 9, vinavyoenea kifuani, tumboni hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Usaha ukishatulia humo, dawa ya maji haiwezi kuusafisha kwa siku chache. Mtetea mmoja alibaki na sauti hata baada ya dozi kuisha. Mayai nayo yalirudi polepole.

Nusu ya sifa naipa hewa ya banda. Kabla ya dozi nilitoa maranda yote yaliyolowa na kufungua matundu ya juu ili hewa ipite juu ya vichwa vya kuku, isiwapige walipolala. Amonia ya kinyesi huharibu vinyweleo laini vinavyosafisha koo, na bakteria wengine hupata mlango. Ukisikia harufu yake ikikuchoma pua, jua kuku anayelala karibu na sakafu anaivuta kwa wingi zaidi usiku kucha. Kuwapa tailosini ndani ya banda la namna hiyo ni kupoteza dawa.

Kuhusu mayai na nyama, lebo isomwe kwa makini. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi: kwingine dawa hii inaruhusiwa kwa kuku wanaotaga, kwingine imekatazwa kwa kuku wa mayai ya kula. Mimi mayai ya kipindi chote nilichoelekezwa na daktari niliyatupa, na sikuchinja hata mmoja kabla muda haujatimia. Tailosini ni ya ukoo mmoja na erithromaisini na azithromaisini tunazotibiwa sisi binadamu, ukoo ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kati ya dawa muhimu sana kwa tiba ya watu. Kuitia kwenye maji kila kuku anapopiga chafya moja, au kuiacha dozi njiani wakichangamka, ni kuwalea bakteria sugu. Hilo naliona ni kosa kubwa, hata kama dukani wanaiuza bila kuuliza swali.

Kuku aliyepona mafua sugu hubaki na bakteria mwilini, na mtetea anaweza kuwarithisha vifaranga kupitia yai. Kwa hiyo kundi langu nimelifunga. Siuzi kuku hai, sigawi mayai ya kuatamisha, na viatu vya bandani havitoki nje ya uzio. Wakipatwa na msongo, kwa mfano baridi kali au wakati wa kubadili manyoya, mkoromo huweza kurudi, basi siku hizo nawaongezea maranda makavu na kuwasikiliza usiku kabla sijampigia daktari simu.