Ndege, limau na nyota: uzoefu wangu na kanvasi ndogo za kutarizi

Kanvasi ya kwanza niliinunua kwa sababu ya ndege. Picha ya tangazo ilionyesha ndege wa bluu mwenye tumbo jeupe ndani ya duara la sentimita 10, na chini yake waliandika kwamba ni kazi ya wikendi moja, inamfaa anayeanza. Ilinichukua wiki tano. Ya pili, limau lenye majani mawili, ilikuwa na mishono mingi zaidi na matundu madogo zaidi, nayo niliimaliza kwa wiki tatu bila hata kuona nimechoka. Nimekaa nikijiuliza kwa nini, maana kwa hesabu ilipaswa kuwa kinyume.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: kanvasi ni kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa kwa uwazi kama wavu, matundu yakiwa yamepangwa sawasawa. Kila mahali uzi wa wima unapokutana na uzi wa mlalo, unapitisha juu yake mshono mmoja wa mshazari. Unafanya hivyo kwenye picha, unafanya hivyo kwenye mandharinyuma, mpaka kanvasi yenyewe isionekane tena. Ukubwa wa matundu hutajwa kwa idadi yake katika inchi moja. Ndege alikuwa na 14, limau 18. Inasikika kama tofauti ndogo, lakini inchi moja ya mraba yenye matundu 14 inakula mishono 196, na yenye 18 inakula 324. Ndege mzima alikuwa kama mishono 2,400, limau kama 4,000. Kwa hiyo neno "ndogo" kwenye tangazo lisikudanganye. Sentimita zinaweza kuwa chache na mishono isiwe michache.

Sasa, mimi kazi yangu ya mchana ni hesabu. Nilishajaribu mshono wa msalaba, ule ambao kitambaa ni kitupu na mchoro uko kwenye karatasi pembeni, unahesabu miraba saba ya kijani, mitatu ya kahawia, unarudi kwenye kitambaa, unasahau ulifika wapi. Niliuacha. Kilichonivuta kwenye kanvasi ni kwamba picha imeshawekwa pale pale unaposhona. Kwenye kijani unatia uzi wa kijani, kwenye njano unatia wa njano, na kichwa kinapumzika. Zamani hata kazi hii ilikuwa ya kuhesabu. Mwanzoni mwa karne ya 19 kule Berlin walikuwa wakiuza michoro kwenye karatasi za miraba iliyopakwa rangi kwa mkono, na mshonaji anaihamishia kwenye kanvasi tundu kwa tundu. Kuondolewa mzigo huo ndiko nilikokulipia.

Na hapo ndipo ndege aliponiangusha. Picha yake ilichapwa kwa mashine, na mashine haijui uzi umepita wapi. Wino uliangukia popote. Kwenye ukingo wa bawa kulikuwa na makutano mengi ambayo nusu yake ni bluu na nusu ni nyeupe, na mshono mmoja hauwezi kuwa rangi mbili. Inabidi uamue. Ukiamua bluu, bawa linanenepa. Ukiamua nyeupe, linaingia shimo kama limetafunwa na panya. Uamuzi mmoja si kitu, ila ukingo wa bawa peke yake ulikuwa na kama sitini, na jicho, ambalo lote ni makutano tisa, matano kati ya hayo yalikuwa na rangi ya kijivu ambayo haikuwamo kabisa kwenye nyuzi walizonipa. Nilishona jicho mara nne. Mara ya pili ndege alionekana ana hasira, mara ya tatu amelala.

Isitoshe, kitambaa kilikuwa kimelala upande wakati wa kuchapwa. Tawi alilosimamia ndege lilianzia safu moja upande wa kushoto na kuishia safu mbili juu yake upande wa kulia. Kwenye picha ya tangazo huwezi kuliona hilo. Ukishaanza kushona unaliona kila siku, kwa sababu tawi lililonyooka linageuka kuwa ngazi.

Limau lilipakwa rangi kwa mkono, na aliyelipaka alifuata makutano moja baada ya jingine. Kila makutano yana rangi moja tu. Ukiisogeza karibu na taa unaona vitone vya rangi vimekaa juu ya nyuzi, na ukingo wa jani umeshapangwa ngazi ngazi kama mshono utakavyokuwa. Bei yake, nisifiche, ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya ndege, na haikuja na uzi wala sindano. Nililalamika moyoni siku ya kulipa. Usiku wa tatu wa kushona sikulalamika tena: nilikuwa nasikiliza redio, mkono unakwenda wenyewe, nikashtuka saa mbili zimepita na jani limekamilika.

Niongee kidogo kuhusu nyuzi, maana hapa wengi wanakwama. Kifurushi cha ndege kilikuja na uzi uliopimwa, na kikaratasi cha maelekezo kikasema nishone kwa nusu msalaba: sindano inatoka chini, inaingia juu kulia, na nyuma ya kanvasi unabaki mstari mfupi tu wa kusimama. Mshono huo unakula uzi mchache, ndiyo maana wauzaji wa vifurushi wanaupenda. Ila kanvasi yao ilikuwa ya nyuzi moja moja zisizofungana kwenye makutano, na kwenye kanvasi ya aina hiyo nusu msalaba haukai. Mshono unateleza na kujificha kati ya nyuzi mbili. Nilipofika shingoni nikaona kichwa kimejaa matobo meupe, nikabadilisha nikaanza mshono wa kikapu, ule wa mistari ya mshazari ambao nitaueleza hapo chini. Kikapu kinatumia uzi mwingi zaidi. Bluu ikaniishia nikiwa sijafika mkiani, na kwa kuwa uzi wao haukuwa na namba ya rangi wala jina, sikuwa na njia ya kupata bluu ile ile. Mkia wa ndege wangu una bluu nyingine. Wageni wanadhani ni makusudi.

Kwa limau nilinunua nyuzi mwenyewe, za pamba za DMC. Ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, na kwa mtu wa kanvasi sifa yao kubwa ni ile namba kwenye utepe wa kila kifungu: uzi ukikuishia unaomba namba, biashara imekwisha. Kifungu kimoja kina mita 8, na uzi wake umeundwa kwa nyuzi sita nyembamba. Kwa matundu 18 nilitumia nne. Usizivute nne kwa pamoja kutoka kwenye sita. Toa mmoja mmoja, kisha uziunganishe tena. Inachosha, najua, lakini zikitenganishwa zinalala bapa na kufunika kanvasi vizuri, na zisipotenganishwa zinajisokota kama kamba. Kata urefu wa sentimita 45 hivi, usizidishe. Uzi mrefu unapita kwenye matundu mara nyingi mno, na ukifika mwisho umeshaota manyoya.

Mshono wa kikapu ndio ulionifanya nibaki kwenye kazi hii. Unashona kwa mistari ya mshazari, mmoja unapanda na unaofuata unashuka, na ukigeuza kanvasi nyuma unakuta umesuka kitu kama mkeka. Kanvasi haivutiki upande, hata ukiishika mkononi bila fremu. Kuna siri moja ambayo kikaratasi hakikuitaja. Ukitazama makutano kwa makini, kuna ambayo uzi wa wima umepita juu na kuna ambayo uzi wa mlalo umepita juu, na yanapangana kwa mistari ya mshazari. Wima ukiwa juu, mstari wako unashuka. Mlalo ukiwa juu, unapanda. Ukikosea ukapanda mara mbili mfululizo, kwa mfano umeacha kazi jana usiku na leo hukumbuki ulikuwa unaelekea wapi, mbele kunatokea mkwaruzo mwembamba ambao hautoki. Limau langu lina mmoja, chini ya jani la kushoto. Sasa kila ninapoacha kazi, naiacha katikati ya mstari, sindano ikiwa imechomekwa.

Kuhusu sindano: iwe butu, ili isipasue nyuzi za kanvasi. Namba 22 inafaa matundu 18, namba 20 inafaa 13 au 14. Ile ya kifurushi ilikuwa nene kiasi cha kusukuma matundu yapanuke. Na rangi nyeusi isivuke nyuma ya sehemu nyeupe, hata kama ni hatua mbili tu, itaonekana kwa mbele kama kivuli cha uchafu.

Nyota ya sentimita 7, ile ya tatu, sina mengi ya kusema juu yake. Ilipakwa vizuri, matundu 18, nikaishona kwa uzi wa dhahabu unaong'aa na nikajuta. Uzi ule unachanika ncha ukiutazama tu. Kata vipande vifupi, nusu ya urefu wa kawaida, na pitisha polepole. Imetokea nzuri, lakini sitarudia.

Nirudi kwa ndege, kwa sababu masaibu yake hayakuishia kwenye mkia. Kile kichwa nilichokishona kwa nusu msalaba nilikuwa nimekiacha kilivyo, kwa kuwa nilichoka kufumua, na kilivuta kanvasi yote. Duara lilikuwa limegeuka yai. Dawa yake inajulikana: unailowesha kidogo, unaivuta mpaka pembe zikae sawa, unaibana kwenye ubao kwa pini zisizoshika kutu, unaiacha siku nzima ikauke. Nilifanya yote hayo. Nilichosahau ni kwamba wiki mbili kabla, nikiwa nimechoshwa na ule ukingo wa bawa, nilichukua kalamu ya wino ya kawaida nikajichorea mstari wangu wa bluu ili nisiendelee kubahatisha. Maji yalipogusa, wino ukapanda juu ya uzi mweupe. Asubuhi tumbo la ndege lilikuwa na doa la bluu la ukubwa wa ukucha. Hilo simlaumu muuzaji. Lakini kanvasi iliyonilazimisha nichukue kalamu nailaumu, kidogo.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kununua: kwanza kuza picha ya tangazo mpaka uone makutano. Kama muuzaji hana picha ya karibu, mwombe. Angalia ukingo wa umbo lolote la mviringo. Ukiona rangi mbili zimegawana makutano, jua kila jioni utakuwa unaamua. Tafuta mstari ulionyooka kwenye mchoro, kama upo, uufuate kwa jicho kuona unabaki kwenye safu moja. Uliza kanvasi imeacha pambizo kiasi gani, sentimita 5 kila upande ndizo nilizoziona zinatosha kubana na kumalizia. Kama inakuja na uzi, uliza umepimwa kwa mshono gani. Muuzaji wa limau alinijibu maswali yote siku hiyo hiyo. Wa ndege alinitumia alama ya dole gumba.

Wapo watakaouliza vitu vidogo hivi ni vya nini. Mary, Malkia wa Scotland, alipokuwa amezuiliwa Uingereza kuanzia 1568, alishona vipande vidogo vya kanvasi vyenye ndege, samaki na wanyama, pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa bwana aliyepewa kazi ya kumlinda, na vingi vilikuja kushonewa juu ya mahameli na kuwa mapazia makubwa ambayo bado yapo Oxburgh Hall, jumba la kale huko Uingereza. Mimi sina mahameli. Limau limewekwa kwenye fremu, nyota inaning'inia kwenye mpini wa kabati.

Ndege nilimshonea kitambaa mgongoni nikamjaza pamba, sasa ni mto wa pini. Pini zote nazichoma tumboni.