Kamba ya mita 10 kwa mbwa asiyeweza kupita shimo bila kulichungulia

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikimtembeza mbwa wangu mashambani na vichakani kwa kamba ndefu ya mita 10, iliyofumwa kwa nyuzi za poliesta na kufunikwa kwa plastiki laini. Maelezo ya mtengenezaji yanahusu mafunzo ya uwanjani tu, ilhali mimi niliinunua kwa haja nyingine: njia tunazopita zina ndege wanaotaga ardhini, sungura na wanyama wengine wachimbao mashimo, na hapa na pale yapo matuta na misingi ya mawe iliyoachwa na watu wa kale. Mbwa mwenye kilo 24 na pua isiyotulia anaweza kuvuruga vyote hivyo kwa asubuhi moja. Nilitaka kamba itakayomwachia anuse apendavyo, lakini imnyime nafasi ya kufukuza na kuchimba.

Kwa upande wa ufundi, sifa yake kubwa ni kwamba hainywi maji. Kamba ya pamba niliyokuwa nayo zamani ililowa umande, ikawa nzito, ikaokota kila mbegu yenye miiba na hatimaye ikaanza kuoza. Hii huteleza juu ya majani, na baada ya matembezi huhitaji kitambaa chenye maji tu. Utelezi huo huo, hata hivyo, ndio udhaifu wake. Ikilowa, haishikiki vizuri, na mbwa akichomoka ghafla inaweza kuunguza viganja, kwa hiyo sasa sitoki bila glavu. Kitanzi cha mkononi kilinasa kwenye visiki mara nyingi mno nikakikata katika wiki ya pili. Kulabu ya chuma ilianza kushika kutu kabla ya mwezi wa tatu. Nilipomwandikia mtengenezaji, ambaye sitamtaja, alinijibu kwamba kutu si kasoro.

Jambo ambalo silikubali kabisa ni picha iliyo kwenye kifungashio, inayoonyesha kamba ikiwa imefungwa kwenye ukosi wa shingoni. Mbwa mwenye mita 10 za kukimbilia hupata kasi kubwa kabla kamba haijakaza, na mshtuko wote wa kusimamishwa huishia kooni. Kamba ya urefu huu inafaa kufungwa kwenye mkanda wa kifuani peke yake, na onyo hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kuhusu ndege, mita 10 mara nyingine ni nyingi kupita kiasi. Mbwa hana haja ya kumkamata ndege ili amdhuru. Inatosha amtimue kutoka kwenye kiota, kisha mayai yabaki yakipoa au yaonekane na kunguru. Nimepiga mafundo mawili, moja kwenye mita 3 na jingine kwenye mita 6, na msimu wa kutaga sivuki fundo la kwanza. Mafundo hayo pia huzuia kamba isichomoke mkononi, faida ambayo sikuwa nimeitarajia.

Lakini ni kwenye matuta ya kale ndiko kamba hii ilikonifaa zaidi. Wanyama wachimbaji huyapenda matuta kwa kuwa udongo wake mara nyingi ni mwepesi na hautuamishi maji, nao hutupa nje ya mashimo yao vigae vya vyungu pamoja na kifusi. Mbwa akisikia harufu ya mwenye shimo, huongezea kazi kwa miguu ya mbele, na kila anachofukua hutoka katika tabaka lake la udongo, linaloonyesha ni cha wakati gani, na kupoteza sehemu kubwa ya habari iliyokuwa nayo. Najua wapenzi wa mambo ya kale hupenda simulizi ya kijana Mfaransa Marcel Ravidat na mbwa wake Robot, anayesemekana kuongoza njia hadi Lascaux, pango lenye michoro ya kale nchini Ufaransa, mwaka 1940. Nami naipenda, ila sikumbuki kuisikia ikisimuliwa pamoja na taarifa kwamba pango hilo lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu ya madhara yaliyoletwa na wageni.

Hapo kamba imenipa matumizi ambayo mtengenezaji hakuyafikiria. Upana wake ni milimita 16, nami nimeuhakikisha kwa rula, kwa hiyo nikiona kigae juu ya kifusi huilaza kamba kando yake na kupiga picha yenye kipimo kinachoeleweka. Poliesta hairefuki sana ikivutwa, hivyo urefu wake hunisaidia pia kukadiria umbali kutoka kwenye mti au jiwe la karibu. Kigae hukiacha palepale, na picha huipeleka kwa ofisi ya mambo ya kale. Tahadhari moja tu: kamba ikiburutwa juu ya ukuta mfupi wa mawe yaliyolegea inaweza kuangusha jiwe, basi ni lazima kuinyanyua.

Ikichakaa nitanunua nyingine ya aina hii hii, isiyo na kitanzi, na kulabu nitaitafuta kwingine.