Programu mpya ya injini ya boti: mimi nisingerudia

Boti yangu ya faiba hupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite kutoka Shimoni. Injini ni dizeli inayoongozwa na kompyuta, nguvu za farasi 150. Fundi mmoja akaniambia, "Kepteni, nikubadilishie programu upate 180." Akachomeka laptopu, saa mbili kazi imekwisha.

Ikiwa tupu, sikatai, inachomoka upesi. Lakini mwendo wa mwisho haukuongezeka hata kidogo. Rafadha, yaani pangaboi linalosukuma boti, ni ileile, na tangu zamani injini ilikuwa ikifika kikomo cha mizunguko yake. Basi hizo farasi 30 zishike wapi? Ilitakiwa rafadha yenye mkunjo mkubwa zaidi, inayosukuma boti mbali zaidi kwa kila mzunguko, na hilo fundi hakulitaja. Nikisukuma moto ghafla na wageni kumi ndani, moshi mweusi mpaka naona haya. Gia nayo iliundwa kwa nguvu za zamani. Waranti, kwaheri.

Wenye injini za pampu ya mafuta ya zamani, isiyo na kompyuta, hamna programu ya kubadilisha, msidanganywe.

Mwezi uliofuata niliipandisha boti pwani, nikakwangua magamba ya baharini yaliyoganda tumboni mwake. Safari ikapungua dakika nane, kwa gharama ya vibarua wawili na chai.