Karakana ya kauri Bagamoyo: mchoraji hodari, msimamizi asiyefaa

Mimi ni mfinyanzi wa kujifurahisha tu, mwenye gurudumu la kufinyangia uani na tanuri dogo la umeme. Nilikwenda Bagamoyo kwa shauku ya kuiona karakana ambayo tangazo lake linadai kwamba kila chombo cha kauri huchorwa kwa mkono. Zimepita wiki kadhaa na hasira bado haijanitoka.

Ziara iliongozwa na msimamizi, kijana nadhifu asemaye bila kituo, aliyetueleza kwamba vyombo vile ni urithi wa mafundi wa Kaole, mji wa kale ambao magofu yake yako karibu na Bagamoyo. Nilinyamaza kwa adabu, ingawa kauri za kale za Kaole zililetwa kutoka China kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na wazee wetu walifinyanga vyungu vya udongo wa kawaida, kazi ya heshima isiyohitaji kutiwa chumvi. Aliposema kwamba sahani zilizokuwa rafuni zilichomwa kwa makumbi ya nazi, ndipo nilipomuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, moto huo unafikaje nyuzi joto 1,300 hivi ambazo kauri huzihitaji ili iive. Akanitazama toka unyayo hadi utosi, kisha akanijibu mbele ya wageni wote: "Dada, hapa tunapokea wateja, hatupokei wapelelezi."

Basi nikazidi kukodoa macho. Katika kila sahani ya maua ya buluu, petali ileile ilikuwa imekatika ncha, mahali palepale, na ukingoni palikuwa na mshono mwembamba ambapo nakshi haikukutana sawasawa. Mkono wa binadamu hauwezi kukosea vilevile kila mara. Ile ilikuwa michoro iliyochapwa kwenye karatasi, ikalowekwa majini na kutelezeshwa juu ya sahani. Viwanda vingi hufanya hivyo, wala si aibu. Aibu ni kuiuza kwa bei ya mkono. Nilipoyasema hayo niliamriwa nitoke, na kiingilio sikurudishiwa.

Ningeishia hapa na kuwaambia msiende kabisa. Hata hivyo, nilipokuwa natafuta njia ya kutokea nilipita chumba cha nyuma, nikamkuta mzee mmoja ameinamia bakuli. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu, kaa." Mkono wa kushoto ulizungusha bakuli taratibu, brashi ikiwa imetulia katika mkono wa kulia, na mstari ukazunguka mpaka ukaingia katika mwanzo wake pasipo kuacha kiungo. Rangi yenyewe, kobalti, ilikuwa nyeusi kama masizi, kwa kuwa buluu hutokea baada ya kuchomwa. Nilimuuliza swali lilelile la moto. Akacheka, akaniambia wanatumia tanuri la gesi, akanionyesha na vipande vya udongo vilivyochongoka anavyovipanga ndani, ambavyo vikiinama humjulisha kwamba joto limetosha. Yaani jibu lilikuwa jepesi kiasi hicho!

Kwa hiyo sijui nitoe nyota ngapi. Mzee yule anastahili zote. Kijana, hata moja ni nyingi. Mkienda, ulizieni vyombo vya mzee, maana haviwekwi mbele. Nilinunua kibakuli chake kimoja, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya zile sahani za karatasi ambazo wageni wenzangu walikuwa wamezipangia foleni.