Stenlesi ya jikoni Mtwara: usinunue kabla hujajua namba yake

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za muda huu kwenu nyote. Niko Mtwara mjini, na huo mnaousikia kwenye maiki ni upepo wa baharini. Sikuuzima makusudi, kwa sababu leo ndio wenye kesi.

Hapa mezani nina vipande vinne vya bati la stenlesi, kila kimoja na namba ya aina yake: 430, 201, 304 na 316. Tazameni vizuri. Vyote vinang'aa sawasawa, na namba nimeziandika kwa nyuma kwa kalamu ya wino, la sivyo hata mimi ningevichanganya. Sasa kama mimi nimevishika mkononi na bado navichanganya, wewe dukani utafanyaje?

Niliwahi kununua meza ya kuparia samaki, nikaambiwa ni 304. Haikumaliza miezi mitano ikaanza vidoa vya rangi ya chai, kwanza kwenye kona, kisha chini ya uso wa meza kote. Nikalaumu sabuni. Nikamlaumu na kijana wa usafi, ambaye baadaye nilimwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Meza ilikuwa 201.

Niwaeleze nilivyokosea? Niliipima kwa sumaku. Angalieni: hii 430, sumaku inanata paa! Hii 304, inateleza. Watu wengi huishia hapo, wakasema isiyonata ndiyo yenyewe. Haya, sasa 201... inateleza vilevile. Mnaona? Sumaku inakutoa kwenye 430 tu. Ile 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndiyo maana vijiko na sufuria huandikwa 18/8. Kwenye 201 wamepunguza nikeli, ambayo ni ghali, wakaongeza metali nyingine, manganizi. Sumaku haioni tofauti hiyo, lakini chumvi inaiona.

Na tuwatendee haki wauzaji pia: 304 halisi ikikunjwa, pale kwenye mkunjo inaweza kuvuta sumaku kidogo. Usigombane na mtu kwa hilo. Visu navyo vinanata, na lazima vinate, kwa sababu chuma chake ni cha aina ya kukazwa kwa moto ili kishike makali.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni haya matone ya dawa ya kupimia manganizi, na betri ndogo ya volti 9. Nadondosha hapa kwenye 201, nagusisha betri, nahesabu sekunde chache... nyekundu hiyo. Manganizi ni nyingi. Kwenye 304 rangi hiyo haiji. Ukinunua bati zima, dai cheti cha kiwandani, na hakikisha namba iliyopigwa kwenye bati inafanana na ya kwenye karatasi.

Kwa nini chumvi? Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba mno, huioni kwa jicho, na ikikwaruzwa hujifunga yenyewe. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi huitoboa ngozi hiyo vishimo vidogo vidogo. Sisi wa Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, chumvi inatufuata hadi ndani. Na inakaa zaidi pale ambapo hapaoshwi: chini ya meza, nyuma ya sinki, chini ya paa ambapo mvua haifiki.

Kwa hiyo ushauri wangu. Jiko la kawaida la hoteli, meza na masinki, chukua 304. Wanaochambua korosho kavu zilizokwisha kubanguliwa, 304 inatosha kabisa, usikubali kuuziwa zaidi. Ila ukiwa na pipa la maji ya chumvi kwa ajili ya korosho za chumvi, au meza ya pweza na samaki inayoloa tangu alfajiri, au jiko la wazi linalotazama bahari, hapo lipia 316. Ina metali iitwayo molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuvumilia kloraidi. Bei yake inauma, kwa hiyo usiijaze jiko zima. 430 iweke kwenye rafu kavu. 201, kwa pwani, mimi siinunui tena.

Unene: meza isiwe chini ya milimita 1.2, na pa kukatia nyama 1.5. Mkumbuke geji, ile namba ya kutajia unene, ikiwa kubwa, bati ni jembamba.

Sasa fundi, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu nimeona 316 nzuri ikiharibiwa siku moja. Fundi ametoka kukata geti la chuma, anachukua grinda ileile na jiwe lilelile, anasugua meza yako. Vumbi la chuma linazama kwenye stenlesi, wiki ijayo unaona kutu. Jiwe liwe jipya, brashi iwe ya stenlesi. Bati liwe lenye herufi L, yaani 304L au 316L, kaboni yake haizidi asilimia 0.03, ili mshono wa kuchomelea usiwe mahali pa kutu kuanzia. Ile rangi ya buluu na kahawia inayobaki kando ya mshono si urembo, iondolewe kwa dawa ya asidi, na anayeipaka avae glavu na miwani, asidi ile ni hatari kweli. Mshono uchomelewe mfululizo. Akidonoa donoa tu, maji ya chumvi yataingia kwenye mwanya na hayatoki.

Usafi ni rahisi: stiliwaya weka mbali, tumia sponji kufuata mistari ya bati. Dawa ya klorini usiilaze usiku kucha. Ukimaliza, suuza kwa maji ya bomba, kausha kwa kitambaa.

Ile meza yangu ya 201 sikuitupa. Iko stoo, inabeba magunia ya unga. Ya samaki sasa ni 316L, hii hapa, na kila Jumamosi tunaipindua tunaosha chini yake. Wewe mwenye mgahawa, chukua tochi ya simu sasa hivi, inama, mulika chini ya meza yako.