Nuru kwenye shamba la mihogo: inachokiona na isichokiona

Nuru ni programu ya simu ya PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, iliyotengenezwa pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, ambayo yote ni magonjwa ya virusi, au ni utitiri wa kijani, mdudu mdogo anayeharibu majani. Inatumia Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi hata pasipo mtandao. Kwa mashamba yetu hilo ni jambo kubwa.

Kwa batobato naikubali. Ugonjwa huu hujitokeza kwenye majani machanga ya juu: mabaka ya njano, jani limejikunja na kudumaa. Kamera inauona vizuri, mradi usihukumu kwa jani moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa dalili za magonjwa ya muhogo kwa jumla, ulionyesha usahihi wa asilimia 65 kwa jani moja, na 74 hadi 88 kwa majani sita ya mmea uleule. Maafisa ugani walipata 40 hadi 58, kwa hiyo si chombo cha kudharau.

Futa lenzi kwanza. Lipe jua mgongo ili kivuli chako kiangukie jani, maana mng'ao wa saa sita mchana unafuta tofauti ya rangi. Shika kikonyo upepo usilitikise.

Shaka yangu iko kwenye michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza akiwa Amani, Tanga, tangu mwaka 1936. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa: njano inayofuata mishipa midogo, na jani halijikunji. Sasa majani hayohayo ndiyo yanayozeeka na kuwa ya njano kwa kawaida yake. Kiangazi kikifika yanapukutika, kamera inabaki na majani ya juu tu, ambayo ni safi, na mmea mgonjwa unapita. Tena hasara yenyewe iko ardhini, ule uozo mkavu wa kahawia ndani ya mizizi. Kuna mimea yenye majani mabaya na mizizi mizuri, na kuna kinyume chake. Hakuna kamera ya simu inayoona chini ya udongo.

Ndiyo maana nasema wazi: usichague pingili, yaani vipande vya shina vya kupanda, kwa Nuru peke yake. Virusi husafiri ndani ya pingili, na shina moja lililoambukizwa hutoa pingili kadhaa za kupeleka ugonjwa shamba jipya. Kagua shamba mama, yaani lile utakalokatia pingili, mapema, kabla majani ya chini hayajaanguka. Tazama sehemu changa za shina kama zina michirizi ya kahawia. Kabla ya kukata pingili za mbegu, ng'oa mashina machache kutoka pembe tofauti za shamba, kisha kata kila mzizi vipande vipande kuanzia kichwani hadi ncha, kwa sababu uozo unaweza kuwa sehemu moja tu.

Programu ikishataja ugonjwa, usikimbilie duka la pembejeo. Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya virusi hivi. Mmea mgonjwa unang'olewa ukiwa bado mdogo. Na anayekuuzia mbegu kwa wingi mdai cheti cha TOSCI, taasisi ya serikali ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu. Picha ya skrini ya simu yake isikutoshe.