Daluga za Soko Kuu Tabora: zipi zinamaliza msimu wa timu ya wanawake

Kwenye bajeti ya klabu ya wanawake inayocheza Ligi Daraja la Kwanza, hakuna kifaa kinachokula fedha na kuumiza watu kama daluga iliyonunuliwa vibaya. Jezi ikichanika inatiwa sindano na mechi inaendelea. Soli ikifumuka dakika ya 60 ugenini, kocha anampoteza beki wa pembeni na pengine pointi tatu. Tathmini hii inahusu kile ambacho mchezaji wa Tabora anakikuta hasa akiingia sokoni na fedha ya jozi moja: daluga mpya za bei rahisi zinazoning'inia madukani, za mtumba zilizomwagwa kwenye turubai, na zile za meno madogo ya mpira ambazo wengi wanazipita wakidhani ni raba za kutembelea.

Kwanza uwanja. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili, kisha inakuja miezi kadhaa ya ukavu mtupu. Viwanja vingi vya mazoezi, vya shule na vya mitaani, havina nyasi za kutosha, na ikifika Julai ardhi yake ni ngumu kama sakafu, juu yake vumbi jepesi la mchanga. Siku ya mechi timu inaweza kukanyaga nyasi za Ali Hassan Mwinyi hapa nyumbani, au za Lake Tanganyika kule Kigoma. Ikienda Mwanza ikapangiwa Nyamagana, au Bukoba ikapangiwa Kaitaba, itakuta nyasi bandia. Kiatu kimoja kinatakiwa kivumilie yote hayo, na hapo ndipo daluga nyingi za sokoni zinapofeli.

Daluga mpya za bei rahisi zinavutia macho: rangi kali, nembo kubwa, kamba ndefu. Geuza uone chini. Soli na meno vimemiminwa pamoja kwa plastiki ya PVC, na mshono unaouona pembeni mara nyingi ni mchoro uliokandamizwa tu, uzi haupo. Kipimo cha haraka ni kukunja kiatu kwa mikono miwili, kisigino kwenda kidoleni. Kiatu kizuri kinakunjika kwenye mashina ya vidole, pale mguu wenyewe unapokunjika. Kikivunjikia katikati ya unyayo, hakina ubavu wa kubeba mtu anayekimbia, na mchezaji ataanza kulalamika maumivu ya wayo hata kabla kiatu hakijachakaa. Kinachokufa mwanzo ni gundi ya upande wa nje, usawa wa kidole kidogo. Mkunjo wa kila hatua unaifungua kidogo, vumbi linaingia kwenye ufa, linasaga gundi iliyobaki, na siku ya mvua ya kwanza soli inaanza kupiga makofi. Kwa timu inayofanya mazoezi mara nne au tano kwa wiki, daluga hizi hazina thamani ya fedha yake, hata zikiwa za bei nusu. Kama klabu tayari imezinunua, zipelekwe kwa fundi zishonwe zingali mpya. Huo ndio wokovu wake pekee.

Mtumba ni habari nyingine, na hapa inafaa mtu atulie, kwa sababu kwenye turubai moja kuna daluga bora kuliko yoyote iliyo dukani na kuna nyingine iliyokwisha kufa ila haijazikwa. Anza na herufi zilizoandikwa kwenye soli au kwenye lebo ya ndani ya ulimi. FG ni ya nyasi za asili zilizo kavu. AG ni ya nyasi bandia: meno yake ni mengi, mafupi na ya duara. SG ni ya uwanja laini uliolowa, na kwa kawaida ina meno marefu sita ya chuma, au mchanganyiko wa chuma na plastiki, yanayofunguliwa kwa spana. SG achana nayo hata ukipewa bure. Kwenye ardhi ya hapa meno hayazami, kwa hiyo uzito wote wa mwili unasimama juu ya nukta sita na kila moja inausukuma unyayo kutoka chini. Wauzaji wengi hawajui tofauti hii, na SG ndiyo huwa inang'aa kuliko zote kwa sababu chuma hakichakai upesi.

Ukipata AG ya saizi ya mwanamke, ishike na usiiachie. Imetengenezwa kwa nyasi bandia, lakini kwa viwanja vyetu vigumu ni chaguo zuri kuliko FG, kwa kuwa meno mengi mafupi yanagawana uzito. Ya pili kwa ubora ni FG yenye meno ya duara. FG yenye meno bapa, yale yaliyokaa kama visu, nitaieleza mbele kidogo.

Baada ya herufi, kagua uhai. Tafuta lebo ya ndani ya ulimi, mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Daluga inaweza kuwa safi kabisa kwa sababu ilikaa kabatini miaka mingi, na gundi yake imekauka huku kwa nje haionyeshi chochote. Bonyeza kwa kucha ya dole gumba pale soli inapokutana na ngozi, zunguka kiatu chote. Kucha ikiingia, hata kidogo, weka hesabu ya fundi juu ya bei. Tazama meno ya chini ya dole gumba na ya kisigino upande wa nje: yakiwa yamebaki chini ya nusu, muda wake umekwisha. Kiatu kikiwa kimelika upande mmoja tu, usikinunue, maana kitamlazimisha mchezaji kukanyaga kama mtu aliyekivaa mwanzo. Mwisho nusa. Harufu kali ya gundi ina maana kimebandikwa jana ili kiuzwe leo.

Zile za meno madogo ya mpira zina herufi TF. Zinadharauliwa kwa sababu hazina sura ya daluga, lakini kwa mazoezi ya kiangazi hakuna kiatu kinachozishinda. Zina vijino vingi vya mpira na ndani zina sponji inayopunguza mshtuko, na mchezaji anayepiga mbio kwenye ardhi kavu jioni tano kwa wiki anaisikia tofauti magotini na kwenye magoko. Kasoro yake moja ni kubwa: kwenye nyasi zilizolowa zinateleza. Mechi ya Februari baada ya mvua usiingie nazo. Klabu ikiwa na uwezo wa jozi mbili kwa kila mchezaji, TF iwe ya mazoezi na AG au FG ya duara iwe ya mechi; jozi zote mbili zitadumu kuliko moja inayofanya kazi mbili. Uwezo ukiwa wa jozi moja tu, iwe AG. Isipopatikana, FG ya duara yenye meno mafupi.

Sasa meno bapa. Wachezaji wa kike wanaumia kano ya goti iitwayo ACL kwa kiwango kinachofika mara mbili ya wanaume na zaidi, na mara nyingi hakuna hata aliyewagusa: mtu anatua, au anageuka, mguu unabaki chini na goti linaendelea na safari. Sababu ni nyingi, nguvu ya misuli ya paja na namna ya kutua zikiwemo, wala kiatu peke yake hakimponyi mtu. Lakini meno bapa yanashika ardhi na kukataa kuzunguka, na hatari hiyo tunaweza kuiondoa pale pale kwenye meza ya muuzaji. Mwaka 2023 Nike walitoa Phantom Luna iliyobuniwa kwa mguu wa mwanamke, na chini ya mashina ya vidole waliyapanga meno yake kwa duara ili mguu uweze kuzunguka. Usitegemee kuikuta kwenye turubai la Tabora, ila wazo lake linapimika bure: vaa kiatu, simama kwenye ardhi utakayochezea, inua kisigino na ujizungushe juu ya mashina ya vidole. Kikigoma kuachia, rudisha.

Kuhusu saizi, hapa ndipo timu za wanawake zinapunjwa zaidi. Daluga nyingi zinazofika ni za wanaume, kuanzia 41 kwenda juu, na mchezaji wa 37 anaelekezwa kwenye rundo la watoto. Rundo hilo linamtosha kwa urefu tu. Daluga iliyoandikwa Jr imekusudiwa uzito wa mtoto, soli yake kwa kawaida ni ya daraja la chini, na mwanamke wa kilo 58 anayecheza dakika 90 ataipasua mapema. Mbaya zaidi ni ile desturi ya kuwapa dada zetu mabaki ya timu ya wavulana, kisha wakalaumiwa kwamba hawana kasi. Mtu anayeogelea ndani ya kiatu cha 41 atapata kasi wapi?

Acha kununua kwa namba za 37 au 38, kwa sababu kampuni na kampuni hazifanani. Nunua kwa sentimita. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi ya mechi ikiwa mguuni: simama juu ya karatasi, kisigino ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima miguu yote miwili na uchukue ulio mrefu. Ongeza nusu sentimita. Mguu wa sentimita 23.5 unatafuta 24. Lebo nyingi zinaonyesha CM, au JP, yaani saizi ya Kijapani, ambayo huweza kuandikwa kwa milimita: 240 ni sentimita 24. Ukilazimika kusoma namba za Marekani, kumbuka kwamba 7 ya kike ni sawa na 5.5 ya kiume. Ngozi halisi itanyooka kidogo kwa kuvaliwa. Ya bandia hainyooki, kwa hiyo ikibana dukani itabana hadi mwisho wa ligi na kucha zitakuwa nyeusi. Kisigino kikicheza, jambo la kawaida kwa mguu wa kike ndani ya kiatu cha kiume, usivae soksi mbili. Bandika kipande chembamba cha sponji chini ya ulimi, kamba zikikazwa kitausukuma mguu nyuma ukae mahali pake.

Kushona ni lazima kwa daluga yoyote ya mtumba. Mafundi walio chini ya miembe wanaiweza kazi hii vizuri, ila wasimamie kwenye mambo mawili. Gundi isiwekwe juu ya vumbi: sehemu zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zifutwe, zipakwe gundi, ziachwe kama dakika 10 hadi 15 mpaka ikiguswa isichafue kidole, ndipo zigandamizwe. Uzi uwe wa nailoni, uzunguke kiatu chote badala ya kuishia puani. Kisha kiatu kipumzike siku nzima. Kikilowa mechini, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Jua la saa nane juu ya bati linalainisha gundi ile ile uliyoilipia.

Sheria za mchezo zinasaidia kidogo soli ikikuangusha katikati ya mechi: kiatu kikikutoka mguuni kwa bahati mbaya unaruhusiwa kuendelea, na hata ukifunga, goli ni halali, ila lazima uvae kingine haraka, mwisho kabisa mpira unapotoka nje. Maana yake kingine kiwepo. Mtunza vifaa abebe jozi mbili za akiba, moja ya sentimita 24 na moja ya 25, zilizoshonwa na zenye kamba tayari, na zikae benchi badala ya kubaki ndani ya basi.